Mfumaji Atajwe kwa Jina Lake

  

Leo nimewaletea habari za mazulia. Sisemi yale ya kiwandani yanayoshushwa madukani yakiwa yamekunjwa ndani ya plastiki. Nasema mazulia ya sufu yanayofumwa kwa mkono, kazi ya watu wawili, mchoraji mwenye wazo na mfumaji mwenye ufundi wa jadi. Najua pwani yetu ya Ziwa Tanganyika, hapa Rumonge, Burundi, haina kazi hiyo. Hata hivyo nimeona niizungumze hapa, maana zulia la namna hiyo linaleta swali ambalo mama anayesuka mkeka Rumonge anastahili kulisikia likiulizwa hadharani. Kazi ikiisha, ikapendwa, ikauzwa, ni nani anayehesabiwa kuwa ndiye aliyeifanya?

Kwanza tuelewane kwa nini sisi hatuna sufu. Kondoo tunao, lakini kondoo wa huku ana nywele fupi na ngumu, ukimnyoa hupati uzi wa kusokota. Kondoo wa sufu aliletwa Afrika Mashariki na walowezi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Lord Delamere alileta merino Njoro, Kenya, na wengi wakamfia kwa maradhi kabla ufugaji haujashika. Kondoo huyo anataka baridi ya milimani, na sisi hapa tuko ukingoni mwa ziwa, katika joto la Imbo, mahali penye michikichi na mihogo. Babu zetu hawakuhitaji sufu. Warundi walivaa impuzu, nguo ya gome la mti lililopondwa mpaka likawa laini, na walilala juu ya mikeka ya majani. Baadaye ikaja pamba, na pamba hii ililimwa hapa hapa bonde la Imbo. Wazee wengi wanaonisikiliza wanakumbuka vitambaa vya COTEBU, kile kiwanda cha Bujumbura kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kufungwa katikati ya miaka ya 2000. Kwa hiyo uzi si mgeni kwetu. Mgeni ni sufu tu.

Sasa nisikilizeni vizuri nikieleza zulia la sufu linavyofanywa, maana hapo ndipo kiini cha mazungumzo yetu kilipo.

Kondoo hunyolewa. Manyoya huoshwa kuondoa mafuta na takataka, yakachanwa kwa brashi za meno ya waya mpaka yote yalale upande mmoja, kisha yakasokotwa kwa pia au kwa gurudumu. Uzi hutiwa rangi. Wanaotumia rangi za mimea huchemsha mizizi, majani, maganda ya vitunguu. Nili huwapa buluu. Na shabu hutiwa majini ili rangi ishike. Rangi hazilingani nguvu. Manjano ya jikoni hutoa rangi ya kupendeza sana, lakini jua huifuta upesi, na fundi mzuri anajua hilo kabla mteja hajalalamika.

Halafu unatandwa mtande, zile nyuzi zinazokazwa kwenye kitanda cha kufumia. Mara nyingi mtande huwa wa pamba, kwa sababu pamba hainyumbuki sana. Mfumaji hupitisha mshindio wa sufu juu na chini ya mtande, akaupiga kwa kitana mpaka mtande ufichike kabisa. Picha haipakwi juu ya zulia. Picha inazaliwa pamoja na zulia, mstari kwa mstari. Na sehemu iliyokwisha kufumwa huviringishwa kwenye mti wa kitanda, isionekane tena. Mfumaji anafuma kichwa cha mtu huku miguu imekwisha kufichwa, kwa hiyo picha nzima lazima aibebe moyoni. Akikosea chini, hana ufutio. Anafumua, au anaishi na kosa. Zulia kubwa la picha huchukua miezi.

Ndiyo maana simkubalii mtu anayesema kwamba mfumaji ananakili tu alichochora mwenzake. Mchoraji anaweza kupaka rangi ya ziwa la alfajiri kwa brashi katika muda mfupi. Mfumaji hana rangi hiyo kwenye kikapu chake. Ana uzi wa buluu, uzi wa kijivu, na uzi mweupe uliochujuka kidogo, na ni yeye anayeamua nyuzi ngapi za hii zikutane na ngapi za ile ili jicho la mtazamaji lione alfajiri. Kila upana wa kidole una uamuzi wake. Huo ni usanii, na mwenye usanii huo ana haki ya kuitwa msanii.

Walimwengu wamelijibu swali letu kwa njia mbalimbali. Hapa jirani, Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, kuna kikundi cha akina mama wasokotaji na wafumaji kilichoanza miaka ya 1970 kutokana na umoja wa wanawake wa kanisa la Presbyterian. Wao huchukua sufu ya kondoo wa nyanda za juu, wakaisokota kwa mkono, wakaitia rangi za mimea na kufuma mazulia. Kikundi ni mali ya wafumaji wenyewe. Nawaheshimu sana kwa kudumu miaka yote hiyo, maana tunajua sote vikundi vya akina mama vinavyoanza kwa shangwe na kufa mara tu mfadhili anapofunga mkoba.

Senegal walichagua njia nyingine. Mwaka 1966 Rais Léopold Sédar Senghor alianzisha karakana ya taifa ya mazulia ya ukutani mjini Thiès, na mchoraji Papa Ibra Tall akawa nguzo yake. Pale mchoraji huleta mchoro, mchoro hukuzwa mpaka ukalingana na ukubwa wa kazi, na wafumaji wakaufuata. Mazulia yaliyotoka ni ya fahari kubwa, yamepamba majumba ya serikali. Lakini anayejulikana ni mchoraji.

Misri, katika kijiji cha Harrania karibu na mapiramidi ya Giza, msanifu majengo Ramses Wissa Wassef alifanya kinyume kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliwakusanya watoto wa kijijini, akawapa vitanda vya kufumia na sufu iliyotiwa rangi za mimea, akaweka masharti. Hakuna kuchora kwanza kwenye karatasi. Hakuna kuiga kazi za watu wa nje. Hakuna mtu mzima kukosoa kazi ya mtoto. Kila mtoto afume kile alichokiona kwa macho yake mwenyewe, mitende, punda, soko, mto. Watoto wale walikua, wakawa wafumaji wakubwa, kazi zao zikaonyeshwa Ulaya na kwingineko, na mwaka 1983 kituo chenyewe kikapewa Tuzo ya Aga Khan ya usanifu wa majengo. Wissa Wassef alikuwa amefariki mwaka 1974, lakini jambo aliloliamini lilikuwa limethibitika. Mwanakijiji asiyesoma chuo cha sanaa ana picha kamili ndani yake, na mkono wake unaweza kuitoa bila mchoraji kumwongoza.

Na Afrika Kusini, mahali panapoitwa Rorke's Drift, Waswidi wawili, Peder na Ulla Gowenius, walianzisha kituo cha sanaa cha kanisa la Kilutheri mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati ubaguzi wa rangi ulipokuwa mkali. Hapo alikuwapo binti wa Kizulu aliyeitwa Allina Ndebele. Alianza kama mkalimani, akaenda Sweden kujifunza kufuma, akarudi kufundisha wenzake, na baadaye akafungua karakana yake mwenyewe. Mazulia yake yanasimulia hadithi alizozisikia kwa bibi yake. Leo ukifungua historia ya sanaa ya Afrika Kusini jina lake lipo, limeandikwa kwa kirefu chake.

Sasa linganisheni na hawa jirani zetu. Kule Kasai, Kongo, watu wa Kuba wana kitambaa cha nyuzi za mwale. Wanaume hufuma kitambaa chenyewe, na wanawake hukitarizi, wakakata ncha za nyuzi mpaka kikawa laini kama mahameli, chenye miraba na pembe zinazopishana bila kurudia kwa namna ya kuchosha. Wakoloni walivibeba vitambaa hivyo hadi Ulaya. Mfaransa Henri Matisse, mmoja wa wachoraji wakubwa wa karne iliyopita, alikuwa navyo, akavitundika ukutani mahali alipofanyia kazi, akavitazama mwaka baada ya mwaka. Jina la Matisse linajulikana dunia nzima. Yule mama wa Kikuba aliyeamua pembe ile igeukie kulia na ile ivunjike katikati, hakuna aliyemwandika. Katika makumbusho mengi kitambaa chake kimewekewa jina la kabila, kana kwamba kabila zima lilishika sindano moja.

Jambo hili linaniuma, na nalisema wazi kwa sababu limo mwetu pia. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Nilishangilia kama Mrundi yeyote. Lakini ngoma hupigwa uwanjani, mbele ya wakubwa, kwa sauti inayosikika mlimani. Kusuka hufanywa uani, mtoto akiwa mgongoni, sufuria ikiwa mekoni, na pengine ndiyo sababu hatukuona kwamba nayo ni sanaa.

Tazameni mkeka unavyosukwa. Mama msusi hana mchoro kwenye karatasi. Anahesabu. Anajua tangu mwanzo kwamba majani mekundu aliyotumbukiza sasa yataonekana tena baada ya zamu ngapi, na kwamba yakikutana na ya kijani upande wa pili yatafanya umbo fulani. Ukimuuliza amejifunza wapi, atakwambia kwa mama, au kwa shangazi, au kule Mishamo na Katumba, kwa wale waliokulia ukimbizini Tanzania baada ya mauaji ya mwaka 1972 na kurejea hapa Rumonge na Nyanza-Lac miaka mingi baadaye. Hayo maarifa ya kubeba picha nzima kichwani na kuitoa kwa vidole ndiyo yale yale ambayo Wissa Wassef alijenga kituo kizima kuyatafuta. Sisi tunayo uani, na tunayauza kwa bei ya kubishania mpaka msusi aone aibu kutaja gharama ya majani.

Na si wanawake peke yao. Nendeni mwaloni asubuhi, mkawaone wavuvi wanavyoziba nyavu. Sindano inaingia, fundo linakazwa, jicho la wavu linalingana na jenzake. Vidole vile vinaweza kufunga mafundo ya zulia bila kufundishwa upya. Nalisema hili nikiwaza pia habari ya samaki, kwa sababu ziwa limechoka. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaane, na nchi zetu nne zinazozunguka Tanganyika haziwezi kukwepa maamuzi ya aina hiyo. Nyumba inayoishi kwa ndagala na mukeke inahitaji kazi nyingine ya mikono kwa miezi ambayo taa za wavuvi hazionekani ziwani.

Wengine wataniambia, basi tuagize sufu, tuanze. Mimi sishauri hivyo. Sufu ya kuagiza italipiwa dola, na siku dola inapokosekana kitanda kitasimama. Pamba ni ya kwetu. Majani ni ya kwetu. Makuti ya michikichi yamejaa mashambani, na vijiti vyake tayari vinafanya fagio na vikapu. Iko pia ile mikoche ya bonde la Rusizi, ingawa ile iko ndani ya hifadhi na haifai kuguswa ovyo. Lenye maana katika zulia la sufu si sufu. Lenye maana ni mapatano kati ya mwenye wazo na mwenye mkono, na hayo yanaweza kufanyika juu ya mkeka, juu ya pazia la pamba, juu ya kikapu.

Vijana wetu wanaochora mabango ya maduka na ubavu wa mashua wana macho makali sana. Mmoja wao akikaa na mama msusi, akamwonyesha mchoro wa msitu wa Kigwena, wa ziwa, wa tumbili mtini, na mama akamwambia, mwanangu, mstari huu wa mviringo majani hayaukubali, tuuvunje ngazi ngazi, hapo sanaa mpya imekwisha kuanza. Nani atakuwa mwalimu wa mwenzake hapo? Wote wawili. Lakini nawasihi mambo matatu yazungumzwe kabla ya jani la kwanza kusukwa, na yaandikwe hata kwenye daftari la shule. Msusi alipwe kadiri kazi inavyokwenda, asisubiri mpaka mnunuzi apatikane, maana yeye ndiye aliyeweka miezi yake. Mchoro ukirudiwa mara ya pili na ya tatu, wote wawili wapate. Na majina yawe mawili, yaliyosukwa au kushonwa kwenye upindo wa kazi yenyewe, si kwenye karatasi inayopotea.

Kuna hatari moja ambayo lazima niitaje. Biashara ya mazulia ya mkono ina historia mbaya ya watoto. Huko India na Nepal watoto wengi walifungiwa karakanani wakifunga mafundo kutwa, kwa sababu vidole vyao ni vyembamba. Kailash Satyarthi, aliyepigana na uovu huo, alianzisha mwaka 1994 alama ya kuthibitisha kwamba zulia halikufumwa na mtoto, na mwaka 2014 akashiriki Tuzo ya Nobel ya Amani. Mtoto kujifunza kwa mama yake baada ya shule ni urithi. Mtoto kuachishwa shule ili oda ya tajiri iishe ni dhuluma, na tukiona soko limeanza kukua tusijifanye hatuoni.

Na msidhani kwamba utajiri peke yake huokoa ufundi. Dada zetu wengi wamekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, hasa tangu Burundi na Saudia zipatane kuhusu ajira mwaka 2021, na huko husafisha mazulia kila siku. Wanawake wa Kibedui wa huko Uarabuni wana ufumaji wao wa jadi unaoitwa sadu. Kitanda hulazwa chini, nyuzi zikavutwa kati ya vigingi, mfumaji akaketi ardhini na sufu ya kondoo, nywele za mbuzi na manyoya ya ngamia. Mwaka 2011 UNESCO iliiweka sadu ya Falme za Kiarabu katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kwa kuwa wafumaji walikuwa wamezeeka na wasichana walikuwa wachache. Falme hizo zina mafuta na fedha, na bado ufundi uliponyoka. Pesa haifundishi vidole. Anayefundisha vidole ni mtu mzima anayekaa na kijana siku nyingi, na kijana hakai kama haoni heshima mwisho wa kazi.

Kwa hiyo maombi yangu jioni hii ni haya. Walimu wa shule za Rumonge, mwalikeni msusi darasani walau mara moja kwa muhula, na mmtambulishe kama mwalimu. Wenye hoteli za ufukweni, kabla ya kununua picha ya kiwandani ya kutundika ukutani, agizeni mkeka mmoja mkubwa wa msusi wa hapa na mumlipe nusu ya fedha mapema. Akina mama wasusi, shoneni majina yenu kwenye upindo, hata kwa herufi mbili za kwanza. Na wewe utakayenunua mkeka sokoni wiki hii, muulize muuzaji umesukwa na nani. Liandike jina hilo, na mgeni akiusifia mkeka nyumbani kwako, umtajie.